Mnara wa kumbukumbu ya vita kijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu. Wapo wajumbe wa kamati za vijiji vya Ugogo na Urangi, mkoani Dodoma, wanaotaka kuweka kumbukumbu ya watu wao. Wapo wajukuu walioko Dar na Mwanza wanaotafuta jina la babu. Na wapo vijana wanaouliza kwa nini tuhangaike na vita vya zamani wakati kisima kimeharibika. Hata hilo la kisima limejibiwa, kuelekea mwisho.

Kwani huku kwetu palipigwa vita gani? Tunachosikia ni Songea na Kagera tu.

Palipigwa, na kubwa. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuanza, na aliyeishika reli aliishika nchi. Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Mwingereza chini ya Jenerali Jacob van Deventer, waliteremka kutoka upande wa Arusha, mvua ikinyesha, wakaingia Kondoa-Irangi tarehe 19. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alihamisha askari wake kutoka kaskazini ili awatoe. Usiku wa Mei 9 kuamkia Mei 10 alizishambulia ngome zao kwenye vilima vya Kondoa, akashindwa, na wengi wakafa pale. Waingereza nao walikaa wamekwama kwa wiki nyingi: matope, homa, na farasi waliokufa kwa ndorobo. Mvua zilipokatika walisonga kusini. Dodoma ilichukuliwa Julai 29, 1916, Mpwapwa ikafuata mwezi Agosti.

Baada ya hapo milio ya bunduki ilihamia Morogoro, Rufiji na kusini zaidi, hadi Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Novemba 25, 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi, nchini Zambia. Lakini kwa Ugogo kuondoka kwa bunduki hakukuwa mwisho wa vita. Mabaya zaidi yalikuwa bado, na tutayafikia.

Watu wetu walikuwa upande wa Mjerumani au wa Mwingereza?

Pande zote mbili, na wengi wao hawakuulizwa wanataka upi. Mtu aliweza kubebeshwa mzigo wa Mjerumani mwaka 1915 na wa Mwingereza mwaka 1917. Ndiyo maana hatushauri kugawa orodha kwa bendera. Gawanyeni kwa vita, basi.

Babu yangu alibeba mizigo tu, hakushika bunduki. Naye anaandikwa?

Anaandikwa, tena kwa herufi zilezile na kwenye orodha ileile.

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa haya kuliko yote, kana kwamba mjukuu anaomba hisani. Tuwekane sawa. Vita ile ilipiganwa kwenye nchi yenye mbung'o, ambako farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa upesi. Magari yalikuwa machache na barabara hazikuwepo. Risasi, unga, dawa, mahema, hata vipande vya mizinga, vyote vilisafiri kichwani na begani kwa binadamu. Waingereza peke yao waliandika wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka Afrika Mashariki na nchi jirani. Waliokufa kwa hesabu za serikali yao ni zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Wapagazi wa upande wa Mjerumani hawakuhesabiwa ipasavyo na yeyote.

Hawakufa kwa risasi hasa. Walikufa kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Mgogo aliyezoea uwele na maziwa alipewa mahindi yasiyosagwa vizuri, akalala kwenye mvua bila blanketi, na asubuhi akabeba mzigo wa kilo 25 au zaidi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, ambacho kambi yake ilikuwa eneo lile. Kila siku maelfu wananunua vitenge juu ya kumbukumbu hiyo.

Tazama pia sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki, peke yake. Nairobi walau walimweka mpagazi pembeni ya wenzake. Na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika vita ile, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wazungu waliokufa katika vita hiyohiyo walipewa kila mmoja jiwe lake au mstari wake. Kwa hiyo kijiji kinachomwacha mpagazi nje ya mnara kinarudia kosa lililokwisha kukiriwa na waliolifanya.

Mtunya ni ile njaa kubwa iliyoikumba Ugogo wakati ule. Njaa inaingiaje kwenye mnara wa vita?

Inaingia kwa sababu vita ndiyo iliyoileta. Ukame peke yake Wagogo walikuwa wanaujua. Dodoma hupata mvua chache, msimu mmoja kwa mwaka, na mwaka wa kukosa si jambo geni. Dawa yake ilikuwa inajulikana pia: ghala la mwaka uliopita, ng'ombe wa kubadilisha kwa nafaka, vijana wenye nguvu wa kwenda mbali kutafuta chakula, na ndugu wa upande wa pili wa milima wenye mavuno.

Vita iliziondoa zote. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka kulisha majeshi yao, Waingereza wakaja wakachukua tena kilichobaki. Wanaume wa kulima walikamatwa kwa upagazi. Mashamba yalibaki na wazee, wanawake na watoto. Kisha mvua zikakosekana, na homa ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 ikawakuta watu wakiwa mifupa mitupu. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba watu wapatao 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma ya wakati ule, ambayo ilikuwa na watu wapatao 150,000. Mmoja kati ya watano. Hakuna kijiji cha Tanzania ya kati kilichopoteza askari kwa kiwango hicho katika vita yoyote.

Kwa maoni yangu, mnara wa Ugogo usiotaja Mtunya haujakamilika hata ukijengwa kwa marumaru. Najua wapo wanaopinga. Hoja yao ni kwamba mnara ni wa mashujaa, na aliyekufa kwa njaa hakufanya ushujaa wowote. Sawa, basi msiandike "mashujaa" juu ya orodha nzima. Andikeni "waliokufa vitani na kwa sababu ya vita", kila mtu atakuwa na nafasi yake bila kugombana.

Waliokufa Mtunya hatuna majina yao. Tuandike nini?

Mtakuwa nayo machache kuliko mnavyotaka na mengi kuliko mnavyodhani. Jina la mama aliyekufa njiani kuelekea Kilosa mara nyingi bado liko kwenye ukoo, kwa sababu amerithiwa na mjukuu. Pale ambapo jina limepotea, andikeni kaya na mahali: watu wa tembe fulani, kitongoji fulani, waliokufa wakati wa Mtunya. Kama ukoo unajua idadi bila majina, andikeni idadi. Msifunge orodha kwa "na wengineo wengi". Maneno hayo hayamkumbuki mtu yeyote. Ni afadhali kuacha sehemu ya jiwe tupu, ijazwe baadaye.

Babu alitoroka upagazi akafa porini. Ukoo mwingine unasema msaliti haandikwi.

Alitoroka nini? Hakula kiapo wala hakusaini. Wengi walikamatwa usiku au walitolewa na jumbe aliyeamriwa kupeleka idadi fulani ya watu. Aliyekimbia akafa kwa kiu au kwa simba amekufa kwa sababu ya vita, aandikwe. Kama wazee hawakubaliani, jambo hili limalizwe barazani na koo zote mbili zikiwepo. Lisiachiwe kamati ya watu saba kuamua jioni moja.

Na yule askari wa kwetu aliyepora ng'ombe za watu wa kwetu?

Swali gumu, na linaulizwa kweli, hasa pale ambapo wajukuu wa aliyepora na wa walioporwa wanasali kanisa moja. Orodha ya waliokufa siyo orodha ya watu wema. Jina lake, kama alikufa vitani, linaweza kuandikwa bila sifa yoyote pembeni. Lakini kijiji kikiona kuliandika ni kutonesha kidonda, kina haki ya kuliacha. Tunachokataa ni kuliandika jina lake na kuwaacha nje aliowapora wakafa njaa.

Waliokwenda Burma je?

Vita ya Pili ilichukua Watanganyika wapatao 87,000. Wazee wanawaita watu wa Keya, yaani KAR, jeshi la King's African Rifles la Mwingereza. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska 1942, na Burma tangu 1944, ambako walipita Bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria hadi mto Chindwin. Usisahau pia waliokufa baharini: Februari 12, 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa kwa makombora karibu na Maldivi ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Kati ya karibu watu 1,300 waliokufa, zaidi ya 600 walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Familia ikikwambia "mjomba alipanda meli hakurudi", usiipuuze.

Habari njema ni kwamba majina ya vita hii yaliandikwa vizuri kuliko ya ile ya kwanza. Tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita inaruhusu mtu yeyote kutafuta jina bure kwa simu.

Vita ya Kagera: aandikwe askari wa JWTZ tu, au na mgambo?

Wote. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Mwalimu Nyerere akatangaza Novemba 2 kuwa tutampiga, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na vita ikaisha Juni. Katika miezi hiyo jeshi liliongezeka mara kadhaa kwa kuchukua mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT kutoka kila mkoa, Dodoma na Singida zikiwemo. Hesabu rasmi ya wanajeshi wetu waliokufa ni 373, wengi wao wakiwa wamekufa kwa ajali na maradhi. Raia waliouawa na wavamizi kule Kagera wanakadiriwa kuwa 1,500. Aliyekufa kwa lori kupinduka njiani kwenda mbele amekufa vitani. Makaburi ya mashujaa wa vita hiyo yako Kaboya, wilaya ya Muleba. Aliyezikwa kule bado anaweza kuandikwa kwenu.

Walinda amani?

Ndiyo. Julai 13, 2013 wanajeshi saba wa Tanzania waliuawa Darfur, na Desemba 7, 2017 wengine 15 walipoteza maisha kwenye shambulio la kambi yao Semuliki, wilayani Beni, Kongo. Hapa familia zipo hai na huzuni bado mbichi. Msiandike jina bila ruhusa ya mjane, mgane au wazazi, hata kama kijiji kizima kinajivunia.

Sisi tuko Kongwa. Wapigania uhuru waliozikwa huku ni wa kwetu?

Kongwa ni habari ya peke yake. Baada ya Waingereza kushindwa mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947, majengo na maeneo yalibaki, na tangu 1964 pakawa na kambi za wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA. Baadhi yao walifia hapa na makaburi yao yapo. Kwa damu si watu wa kijiji, lakini waliishi nasi, wapo waliooa hapa na wakaacha watoto. Ushauri wetu: wapewe upande wao wa jiwe, wakitajwa kwa nchi walizotoka, na makaburi yenyewe yasiguswe bila kuwasiliana na mamlaka, kwa sababu serikali za nchi zao zinayafuatilia.

Ajali ya treni ya Igandu nayo?

Hapana. Ajali ya Juni 24, 2002 iliua watu zaidi ya 280 na inastahili kukumbukwa, lakini haikuwa vita. Ikichanganywa humu, kesho mtaletewa mafuriko, kipindupindu na ajali za mabasi, na mnara utakuwa ubao wa matangazo ya misiba.

Majina tunayapataje? Babu zetu hawakuwa na vyeti.

Anzeni na wazee, tena anzeni leo, maana wanaokumbuka simulizi za baba zao kuhusu Mtunya wanapungua kila msimu wa baridi. Msiende na fomu ya kujaza. Mzee akiona karatasi yenye mihuri anadhani ni mambo ya ardhi au kodi, anafunga mdomo. Kaeni, salimieni, ulizeni ukoo kwanza: nani alimzaa nani, nani alirithi jina la nani, ng'ombe walichukuliwa lini. Jina la aliyekufa vitani hujitokeza lenyewe katikati ya mazungumzo. Rekodini kwa simu mkiruhusiwa. Na waulizeni akina bibi wakiwa peke yao. Mkiwauliza mbele ya waume zao watasema "babu yenu ndiye anayejua", kumbe wanajua wao. Nyimbo nazo zina majina, na kina mama wanaopiga ngoma ya muheme ndio maktaba yake.

Baada ya wazee, nendeni kwenye karatasi. Makanisa ya zamani kama ya Mpwapwa na Mvumi yana vitabu vya ubatizo na maziko. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina majalada na vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Kwa vita ya Kagera na ulinzi wa amani, mlango wa kubisha ni ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, naye ndiye atawaelekeza jeshini. Msiende kambini moja kwa moja.

Kuhusu ushahidi, msiwe wakali kupita kiasi. Husimuliwa kwamba Ujerumani Magharibi ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa askari wake wa zamani, wazee walikusanyika Mwanza na wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Wote walilikumbuka. Kwetu sisi inatosha koo mbili zisizo na undugu zikikubaliana kuwa mtu huyo aliishi hapa na hakurudi. Jina likitolewa na ukoo mmoja tu, liwekeni kwenye daftari likisubiri, msilifute.

Jambo moja la tahajia. Makarani wa kikoloni waliandika majina ya Kigogo walivyoyasikia, na mtu mmoja anaweza kuonekana mara tatu kwa herufi tofauti. Kwenye jiwe iandikwe namna ukoo unavyolitamka. Namna ya karani ibaki daftarini.

Kiwanja tunapewa na nani? Je, kibali kinahitajika?

Kama ni kijiji kilichosajiliwa, ardhi ya kijiji iko chini ya Halmashauri ya Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na uamuzi wa kutenga eneo upitishwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote wa miaka 18 na kuendelea. Muhtasari uandikwe, usainiwe, Mtendaji abaki na nakala na kamati ibaki na nakala. Kama mko ndani ya Jiji la Dodoma, ninyi ni mtaa, na viwanja vinapangwa na Jiji. Msimwage hata ndoo ya zege kabla ya kuandika barua.

Kosa linaloumiza wengi ni kujenga karibu na barabara kuu ili wapita njia waone. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa sheria ya mwaka 2007. Mnara ukiwa ndani ya hizo mita utapigwa alama nyekundu ya X kama kibanda cha chipsi, na hautalipwa fidia. Nendeni shuleni, zahanati, au chini ya mbuyu wa mikutano. Pale watu wanafika bila kuitwa.

Nembo ya Taifa na nembo za majeshi zinalindwa na sheria. Fundi akisema ataichonga Ngao ya Taifa kwa bei ya mshikaji, mwambieni asubiri hadi barua ya ruhusa ije.

Tujenge kwa kitu gani kidumu?

Jiwe. Dodoma haijawahi kuwa na shida ya mawe, na granaiti ya vilima vyetu itatuzika sisi na wajukuu wetu. Vigae vya kubandika hubanduka kwa jua la mchana na baridi ya usiku. Rangi haimalizi misimu mitatu. Vibao vya shaba au alumini msiviweke kabisa, vitaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla ya mwaka kuisha.

Herufi zichongwe ndani ya jiwe, kina cha kutosha ncha ya kidole kuhisi, ndipo zipakwe rangi nyeusi kama mnataka. Kimo kisizidi kifua cha mtu mzima, ili mtoto wa darasa la pili asome na mzee mwenye mkongojo aguse. Sipendi minara mirefu. Jina lililoko juu mita nne halisomwi na mtu.

Angalieni msingi. Penye udongo mweusi wa mbuga, ardhi hupasuka kiangazi na kuvimba mvua zikija, na msingi wa futi moja utakatika. Mwiteni mhandisi wa halmashauri ya wilaya aone kabla, siyo baada. Wekeni na mfereji wa kutoa maji, maana mvua za Dodoma ni chache lakini zikija zinakuja kwa fujo.

Majina yapangwe kwa alfabeti ndani ya kila vita. Bila vyeo. Sajenti na mpagazi wafuatane kama herufi zinavyotaka.

Mgeni rasmi jina lake liandikwe wapi?

Kwa chini, nyuma, kwa herufi ndogo kuliko za marehemu. Tumeona mawe ambayo jina la Mheshimiwa aliyefungua linasomeka toka barabarani, na ya waliokufa hadi uvae miwani.

Tufanye tambiko, au tumwite mchungaji na shehe?

Vyote vinawezekana, mkipanga vizuri. Wengi wa waliokufa kwenye vita ya kwanza hawakuwa Wakristo wala Waislamu, na kuwafanyia ibada ya dini moja peke yake ni kuwapa dini wasiyoichagua. Wazee wa kimila waje alfajiri kwa utaratibu wao, viongozi wa dini waje na wageni saa nne. Kila mmoja asimame kwa muda mfupi. Asiyetaka kuhudhuria tambiko asilazimishwe, na asihubiri dhidi yake kwenye kipaza sauti siku hiyo.

Ni kweli chini ya mawe ya Mjerumani kuna dhahabu na rupia?

Hapana, na uvumi huu umeharibu kumbukumbu nyingi kuliko mvua na mchwa wakijumlishwa. Kila mahali Mjerumani alipoacha jiwe, nguzo au kaburi, wapo watu wenye ramani ya kubuni na mganga wa kuwasindikiza, wanachimba usiku. Wanachopata ni mifupa. Wajerumani walirudi nyuma wakikimbizwa. Walichobeba ni risasi na chakula.

Kuchimba maeneo ya kale bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mkikuta mifupa, vifungo vya sare au maganda ya risasi shambani, hasa pande za Kondoa, acheni palipo na mtoe taarifa. Ofisi ya Mambo ya Kale iliyo karibu ni ile ya Kolo, penye michoro ya miambani. Kikiwa ni kombora ambalo halijalipuka, msiliguse wala kulichokonoa. Wazuieni watoto, mwiteni polisi.

Kwa mnara mpya, jengeni mchana, mbele ya watu, na waiteni vijana waone shimo la msingi likiwa wazi na likijazwa zege. Hiyo ndiyo kinga dhidi ya wachimbaji.

Siku gani ya kukusanyika kila mwaka?

Julai 25, Siku ya Mashujaa. Kitaifa Rais huweka mkuki na ngao mnarani, na wengine huweka sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua. Kijijini mkuki mmoja na ngao moja ya ukoo wowote wenye nayo vinatosha. Tarehe hiyo inatufaa wakulima pia: uwele na mtama vimeshavunwa. Yasomwe majina yote kwa sauti, mwanafunzi mmoja na mzee mmoja wakipokezana. Hotuba, kama lazima ziwepo, zifuate baadaye.

Mwalimu, kisima kimeharibika na ninyi mnachangisha pesa za jiwe?

Swali halali. Kisima kitangulie. Kumbukumbu haihitaji mnara ili ianze. Daftari la shilingi elfu chache lenye majina yaliyohakikiwa, nakala moja kwa Mtendaji na moja shuleni, ni nusu ya kazi na ndiyo nusu iliyo muhimu. Shule zinafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, na hakuna kitabu cha somo hilo kilicho na majina ya kitongoji chenu.

Mkianza kuchangisha, kila mchango upewe stakabadhi ya kijiji, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa robo mwaka kama fedha nyingine. Kamwe msitoze ada ya jina. Ukoo maskini ndio mara nyingi uliopoteza watu wengi.

Jina la baba yetu mkubwa limekosewa kwenye jiwe. Tufanye nini?

Mpelekeeni Mtendaji wa Kijiji barua yenye jina sahihi, saini ya mkuu wa ukoo na za mashahidi wawili wasio wa ukoo. Kamati ikiridhika, herufi zinachongwa upya kama kosa ni dogo. Kama ni kubwa, jina linaandikwa upya kwenye ile nafasi iliyoachwa tupu, na la zamani linajazwa saruji ya rangi ya jiwe. Gharama ni ya kijiji, isipokuwa kama ukoo wenyewe ndio uliotoa tahajia hiyo na kuisaini daftarini. Msilete patasi zenu wenyewe.